Namna ya kutangaza mapambano ya gemu: jibu kwa msomaji wa Wete

Swali: Assalamu alaykum. Mimi na mwenzangu tunatangaza mashindano ya Street Fighter 6 na Tekken 8, gemu za kupigana mtu na mtu, yanayofanyika hapa Wete, na tunayarusha moja kwa moja kwenye intaneti. Wanaozijua gemu hizi wanasema hatuwaambii chochote wasichokiona wenyewe, na wasiozijua wanasema wanasikia makelele tu. Tufanye nini ili utangazaji wetu uwe na faida kwa pande zote mbili? Je, tutumie Kiswahili kitupu au tuchanganye? Na kwa fedha kidogo tulizonazo, tununue kifaa gani kwanza?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Malalamiko mliyoyapata yanaonekana kupingana, lakini chanzo chake ni kimoja. Mnasimulia pigo baada ya kutokea, ilhali anayeijua gemu ameshaliona na asiyeijua haelewi kwa nini lilikuwa na uzito. Wote wawili wanahitaji kutoka kwenu kitu kile kile, nacho ni hali ya pambano kabla ya pigo: nani amebakiwa na nini, nani ameishiwa, nani anaogopa nini, na kila mmoja anakabiliwa na uamuzi gani katika sekunde zinazofuata. Nitalieleza hilo kwa urefu, kwa sababu mengine mengi mliyouliza yanalitegemea.

Tuanze na muda. Gemu hizi huendeshwa kwa fremu 60, yaani picha 60 zinazofuatana, kwa sekunde. Katika Tekken 8 ngumi nyepesi ya kawaida hufika baada ya fremu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Katika Street Fighter 6 mruko mzima wa mpiganaji wa kawaida, tangu anapoinuka hadi anapotua, unachukua karibu robo tatu ya sekunde. Sasa jipimeni: ukisema "amemrukia na kumpiga teke la kichwa" umeshatumia zaidi ya sekunde moja, na ndani ya sekunde hiyo aliyerukiwa ameshajibu, na pengine aliyeruka ndiye aliyelala chini. Hapana mtangazaji anayeweza kushinda mbio hizo, awe hodari wa ulimi kiasi gani, na anayejaribu huishia kupandisha sauti kwa sababu maneno yamemshinda. Hayo ndiyo makelele wanayoyasema watazamaji wenu.

Mazoea haya, kwa maoni yangu, tumeyarithi kutoka kwenye mpira wa redioni. Mtangazaji wa redio analazimika kusema mpira uko kwa nani na unaelekea wapi, kwa sababu msikilizaji wake haoni uwanja. Mtazamaji wenu anaona kila kitu, tena mara nyingi ana skrini safi kuliko yenu. Kumwambia kwamba mtu amepigwa ni kumrudishia alichonacho. Asichokiona ni sababu na matokeo yake.

Chukueni Street Fighter 6. Kila mchezaji huanza raundi akiwa na vipande 6 vya Drive chini ya mstari wake wa uhai, na vipande hivyo ndivyo anavyovitumia kuongeza nguvu mapigo maalumu, kumkimbilia mwenzake ghafla, kupangua mashambulizi, au kuachia Drive Impact, lile pigo zito linaloweza kuvumilia mapigo ya adui na kuendelea mbele. Vikimalizika, mchezaji huingia katika hali ambayo mimi naiita kuishiwa: hawezi kutumia lolote kati ya hayo hadi mstari ujae tena, mapigo maalumu humpunguzia uhai hata akiyakinga, na akiwa ukutani akapigwa Drive Impact hupumbazwa hata kama amekinga. Mtangazaji anayeyajua haya anaweza kusema, wakati wapiganaji wawili bado wanatembea mbele na nyuma wakipimana, "Amebakiwa na kipande kimoja, na yuko kona, mwenzake anamsubiri aishiwe." Sentensi hiyo haifiki sekunde tano. Baada yake linaweza kutokea lolote, na mtazamaji mgeni atalielewa, kwa sababu alishaambiwa nini kiko hatarini. Ni kama watu wanaozunguka bao barazani: anayejua kwamba nyumba ya mchezaji imejaa kete na inakaribia kuliwa hukaa roho juu kabla ya kete yoyote kutembezwa, na mpita njia asiyejua hilo huona mikono inazunguka tu.

Katika Tekken 8 vitu vya kutajwa ni vingine, lakini kazi ni ile ile. Kila mchezaji ana nafasi moja ya kuwasha Heat katika raundi, nayo hudumu kwa muda wa sekunde 10 hivi na kumfanya awe hatari zaidi, kiasi kwamba hata anayekinga hupungukiwa. Kwa hiyo swali la kulijibu mapema katika kila raundi ni nani ameshaitumia na nani bado anayo. Jambo la pili ni ile sehemu ya uhai yenye rangi hafifu, ambayo mchezaji anaweza kuirudisha kwa kushambulia. Ukiiona ni kubwa, mwambie mtazamaji kwamba huyu ana sababu ya kwenda mbele, na atakapokwenda asione kuwa ni ujinga.

Mfano maarufu kuliko yote ni wa mwaka 2004, katika Evo, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, huko California, Marekani, pale Daigo Umehara wa Japani alipokutana na Justin Wong wa Marekani katika Street Fighter III: 3rd Strike. Umehara, aliyekuwa akimtumia mpiganaji aitwaye Ken, alibakiwa na uhai mdogo mno, kiasi kwamba hata kulikinga pigo maalumu kungemmaliza, kwa kuwa mapigo ya aina hiyo hupunguza uhai kidogo hata yakikingwa. Wong akaachia shambulio kuu la mpiganaji wake, Chun-Li, lenye mapigo 15 mfululizo. Umehara akayapangua yote, moja baada ya jingine, kwa kusukuma kijiti mbele wakati ule ule kila pigo lilipofika, kisha akajibu na kushinda. Ukumbi ulilipuka kabla hajamaliza kupangua, kwa sababu waliokuwamo walijua kwamba kosa moja lilikuwa linatosha. Ondoeni ujuzi huo, mtabakiwa na picha ya watu wawili wakigusana kwa sekunde chache. (Na kwa kuwa watangazaji hupenda kulitaja tukio hili: Umehara hakuwa bingwa mwaka ule, alishindwa katika fainali kuu na Mjapani mwenzake. Anayelisimulia kana kwamba lilimpa kombe atasahihishwa mara moja na watazamaji wanaojua.)

Hapo tumemhudumia mgeni. Mtazamaji mzoefu anahitaji zaidi ya hali. Anahitaji nia na mazoea ya wachezaji, na hapa ndipo watangazaji wengi wanapowadhulumu wachezaji bila kukusudia. Mtu wa kawaida huhitaji karibu robo ya sekunde kuona kitu na kukijibu kwa mkono, yaani fremu 15 au zaidi. Drive Impact huchukua fremu 26 kabla ya kugusa, kwa hiyo anayeitarajia anaweza kuiona na kuijibu. Lakini mkamato wa kawaida katika Street Fighter 6, yaani kumshika mwenzako na kumtupa hata akiwa amekinga, hufika kwa fremu 5. Hakuna binadamu anayeuona ukija. Mtangazaji anayesema "amelala, ameshindwa kuuona mkamato" amesema jambo lisilowezekana. Mchezaji alibahatisha kwamba atapigwa, akakinga, na mwenzake alibahatisha kwamba atakinga, akamkamata. Maneno ya haki ni kusema ni nani aliyemsoma mwenzake na kwa ushahidi gani: "Mara tatu ameinuka kutoka chini akipiga, safari hii mwenzake ametulia akakinga, sasa anamwadhibu." Mzoefu akisikia hivyo anajua kwamba mnaangalia, na mgeni anajifunza kwamba huu ni mchezo wa kusomana nia.

Ili mpate nafasi ya kusema hayo ni lazima mgawane kazi. Mmoja awe mtangazaji, mwenye mamlaka ya sauti wakati mapigo yanaendelea. Mwingine awe mchambuzi, mwenye nafasi kati ya raundi na raundi, wakati wa marudio ya picha, na pale wachezaji wanapoachana na kupimana kwa mbali. Mchambuzi akiwa katikati ya maelezo na pambano likachacha, akate hapo hapo, hata kama sentensi imebaki nusu. Kwetu hili lina ugumu wake, nao ni adabu. Kijana aliyelelewa vizuri Pemba hamkatizi kaka yake akisema, na nimeshaona mechi nzuri zikipita huku mdogo amenyamaza kwa heshima na mkubwa anamalizia hadithi ya mwaka juzi. Kubalianeni kabla ya kuwasha vipaza sauti kwamba mezani pale umri hauhesabiwi, na mpange ishara ya mkono: kiganja kikiguswa, aliye katikati ya maneno anaachia. Baada ya matangazo mdogo atampa kaka yake shikamoo yake kama kawaida.

Sauti nayo ina akiba. Ukiitumia yote katika raundi ya kwanza ya mechi ya kwanza, saa mbili baadaye fainali itasikika sawa na mechi ya kufungulia. Mimi hushauri watangazaji wakae katika sauti ya mazungumzo kwa sehemu kubwa ya mechi, wapande pale tu raundi inapoweza kumalizika kwa pigo moja, na pigo lenyewe likishatua wanyamaze kwa sekunde mbili au tatu. Ukumbi wa vijana wa Wete unajua kushangilia bila kufundishwa, waacheni wasikike. Watangazaji wetu wengi hawapendi kunyamaza, huona kama wameiacha kazi, lakini mtazamaji aliye nyumbani anataka kuusikia ukumbi ule ili ajione yumo.

Matayarisho ni sehemu kubwa ya kazi, na mengi yake hayana gharama. Hamhitaji kuyajua mapigo yote ya wapiganaji wote. Kwa kila mpiganaji anayechezwa sana kwenu, jifunzeni katika chumba cha mazoezi mapigo kama kumi yanayoamua raundi: lipi analianzia, lipi likikingwa anaadhibiwa, lipi analitumia akiwa amebanwa. Kisha wekeni daftari la wachezaji wa hapo. Andikeni nani anatumia mpiganaji gani, nani alimshinda nani na kwa tofauti gani, nani huruka sana akiwa nyuma, nani hupoteza utulivu raundi ya mwisho. Kabla ya mashindano mwendeeni kila mmoja mumwulize anataka kuitwa kwa jina gani, kwani wengine hawataki jina lao la nyumbani lisikike mtandaoni, na hiyo ni haki yao.

Daftari hilo lina thamani kuliko mnavyodhani. Mwaka 2019 Arslan Ash, Mpakistani kutoka Lahore, alishinda Tekken 7 katika Evo ya Japani, na miezi michache baadaye akashinda Evo ya Marekani. Kabla ya hapo jina lake halikuwa kubwa katika mashindano ya dunia, na baada ya ushindi wa kwanza alisema kwamba nyumbani kwao wapo wengine wenye uwezo kama wake. Miaka iliyofuata Wapakistani wengine walishinda nao, ikadhihirika kwamba hakuwa akitia chumvi. Wachezaji wa namna hiyo hukua ukumbini kwao, wakipigana na majirani usiku hadi usiku, na anayeweza kuisimulia safari yao tangu mwanzo ni yule aliyekuwa akiandika pale pale. Kwa Wete hapana mwingine atakayeifanya kazi hiyo isipokuwa nyinyi.

Baada ya kila mashindano sikilizeni rekodi yenu bila picha. Ikiwa baada ya raundi moja hujui nani alikuwa mbele na kwa sababu gani, basi mtazamaji mgeni hakujua pia. Hesabuni mmesema "amempiga" mara ngapi na mmetaja Drive au Heat mara ngapi. Uwiano huo utawaambia mengi kuliko maoni ya marafiki. Halafu mchezesheeni rekodi, safari hii na picha, mtu wa nyumbani asiyecheza gemu, na mumwulize nani alistahili kushinda. Akijibu kwa sababu, hata ya kukosea, mmefika.

Kuhusu lugha, tumieni Kiswahili, na mkitumie kwa nidhamu. Majina yaliyoandikwa kwenye skrini, kama Drive Impact au Heat, yaacheni yalivyo, kwa sababu mtazamaji anayasoma papo hapo, na majina ya wapiganaji pia. Mengine yote yana maneno ambayo vijana wanayatumia tayari: kukinga, kukamata, kupangua, kuadhibu, kumbana kona, kumsoma mtu, kuishiwa. Andikeni orodha fupi, muichague pamoja, na msiibadilishe katikati ya mashindano. Mtangazaji akisema kupangua na mchambuzi akasema kuzuia kwa jambo lile lile, mgeni atadhani ni mambo mawili. Siwashauri kubuni maneno mapya ya kupendeza. Neno likihitaji kuelezwa kila mara linapotajwa, limeshindwa kazi.

Vijembe tunavipenda, na utangazaji usio na mzaha hata kidogo ni mkavu. Mpaka wangu ni huu: mzaha uguse uamuzi wa mchezaji, usimguse yeye, familia yake, mtaa wake wala kisiwa chake. Hasa mnapopokea wachezaji kutoka Unguja, utani wa Pemba na Unguja unaochekesha barazani hausikiki vile vile mtandaoni, ambako msikilizaji hawaoni nyuso zenu. Na mnapotangaza mechi ya rafiki au ndugu, semeni wazi mwanzoni kwamba ni wenu. Watu husamehe upendeleo uliotangazwa kuliko uliofichwa.

Mtangazaji pia anawajibika kwa ratiba na mfumo wa mashindano, jambo ambalo wengi huliachia waamuzi. Ikiwa mnatumia mfumo wa kutolewa baada ya kushindwa mara mbili, kumbusheni kila baada ya mechi kadhaa nani bado hajashindwa na nani yuko ukingoni. Katika fainali kuu elezeni kabla ya kuanza kwamba anayetoka upande wa walioshindwa mara moja akishinda mechi ya kwanza hajachukua kombe, kwa kuwa mwenzake ndiyo kwanza ameshindwa mara ya kwanza, na itachezwa mechi nyingine. Nimeona watazamaji wakizima simu wakidhani mambo yamekwisha. Zungumzeni na waandaaji kuhusu nyakati za swala, ili adhana ya magharibi iwakute kati ya mechi na mechi na isiwakute mchezo wa tano. Mtangazaji akijua mapema kwamba patakuwa na mapumziko, huyatangaza kwa utulivu, na watu hurudi.

Sasa vifaa. Nunueni kwanza vipokea sauti viwili vya kufunika masikio, vyenye kipaza sauti mbele ya mdomo, kila mmoja na chake. Kipaza kimoja kilichowekwa katikati ya meza hunasa zaidi feni na spika kuliko watu, na ukumbi wetu bila feni haukaliki, hivyo isogezeni feni ipulize kutoka nyuma yenu na mkiweke kipaza upande wa mdomo, umbali wa vidole viwili au vitatu. OBS Studio, programu ya kompyuta ya kurushia matangazo, ni ya bure, na inawaruhusu kupandisha na kushusha sauti ya kila kipaza peke yake pamoja na ya gemu. Ya gemu iwe chini ya zenu, lakini isipotee, kwa sababu mlio wa pigo zito unawasaidia. Skrini mnayoitazama iwe ile inayotoka moja kwa moja kwenye PlayStation. Msitangaze kwa kutazama matangazo yenyewe kwenye simu, maana huchelewa kwa sekunde kadhaa, na mtakuwa mnashangilia pigo ambalo ukumbi umeshalisahau.

Fedha zikibaki, nunueni betri ya akiba kwa ajili ya ruta. Umeme ukikatika, televisheni na PlayStation vitazimika, lakini kompyuta mpakato ina betri yake, na ruta ikibaki hai mtaendelea kusikika. Hapo fungueni daftari mzungumze juu ya wachezaji waliobaki, na kabla ya kutamka kama mechi iliyokatika itarudiwa au itaendelea pale ilipofikia, mwulizeni mwamuzi, kwani uamuzi huo si wenu.